Diski za databesi: data ikae wapi, logi ikae wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haipiti wiki bila mtu kuuliza anunue diski gani kwa ajili ya seva ya databesi, na akishajibiwa swali la pili ni lile lile, logi niitenge au niiache hapo hapo. Logi hapa ni ile ya miamala (WAL kwa PostgreSQL, redo kwa MySQL), sio faili la kuandikia makosa. Mifano yangu mingi ni PostgreSQL na MySQL kwenye Linux maana ndizo ninazoshinda nazo, SQL Server nimeigusa pale inapotofautiana. Na nimechukulia mzigo wa kawaida tu, mfumo wa mauzo, saccos, zahanati, shule, yaani seva moja au mbili hivi, sio benki kuu.

Kwani data na logi si vyote mafaili tu? Diski inajali nini?

Inajali sana. Faili za data zinaguswa kwa kurukaruka, ukurasa mmoja huku mwingine kule mwisho kabisa, PostgreSQL na SQL Server kurasa zao ni kilobaiti 8, InnoDB ya MySQL ni kilobaiti 16, na zikibadilishwa zinabadilishwa kwenye RAM kwanza halafu zinateremshwa diskini baadaye taratibu, hakuna mteja anayekaa kuzisubiri. Kusoma ndo kunasubiriwa, pale ukurasa unapokuwa haupo kwenye RAM.

Logi ni kinyume chake. Inaandikwa mfululizo, kipande juu ya kipande, vipande vidogo vidogo, ila kila muamala ukikomiti, yaani ukihitimishwa, ile rekodi yake lazima iwe imelala diskini kwa uhakika ndo mteja aambiwe tayari. Kwa hiyo keshia akibonyeza "hifadhi" na skrini ikakaa inazunguka, mara nyingi anachosubiri ni fsync moja ya logi, yaani amri ya kuhakikisha kilichoandikwa kimefika diskini, sio faili la data. Kwa hiyo data inataka nafasi na diski inayomudu oparesheni nyingi kwa sekunde, logi inataka diski inayojibu fsync haraka na isiyodanganya. Hilo la kutodanganya ndo watu wanalisahau, nalirudia huko chini mpaka mchoke.

Sasa nizitenge kwenye diski mbili tofauti?

Kwenye diski za kuzunguka, tenga, hamna mjadala. Kichwa cha diski kikiwa kinaandika logi kimetulia sehemu moja, halafu kikaitwa kwenda kusoma ukurasa wa data upande wa pili na kurudi tena, unapoteza milisekunde kibao kila safari.

Kwenye SSD hakuna kichwa cha kuhama kwa hiyo faida ya spidi inapungua, ingawa haiishi, maana wakati wa checkpoint databesi inamwaga kurasa nyingi kwa pamoja na zile fsync za logi zinajikuta ziko nyuma ya foleni, ndo unasikia "mfumo unaganda kidogo kila baada ya dakika kadhaa". Sababu mbili zinazobaki mimi naziona nzito kuliko spidi. Moja ni nafasi: data ikivimba ikala diski yote, logi ikakosa pa kuandika, PostgreSQL inasimama kabisa. Pili ni ajali: diski ya data ikifa na logi iko salama kwenye diski nyingine, ukiwa na bekapu pamoja na logi zilizohifadhiwa unaweza kurudisha mpaka muamala wa mwisho, na SQL Server ina hiyo bekapu ya mkia wa logi kwa kazi hiyo hiyo.

Ila sikiliza hapa. Kama una diski MBILI tu kwenye seva, usiweke data kwenye moja na logi kwenye nyingine. Ukifanya hivyo yoyote ikifa mfumo umelala, umejiongezea uwezekano wa kusimama badala ya kuupunguza. Diski mbili zifunge RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili, weka vyote humo, maisha yaendelee. Kutenga kunaanza kuwa na maana ukiwa na diski nne, jozi ya data na jozi ya logi.

Kugawa patisheni mbili kwenye diski moja je?

Spidi haiongezeki hata kidogo, foleni ni ile ile. Ila inazuia data isile nafasi ya logi na logi isile nafasi ya data, kwa hiyo sio kazi bure.

Diski za kuzunguka bado zina kazi?

Za bekapu na logi za kumbukumbu, ndiyo, tena ni nzuri kwa bei. Za kuendeshea databesi yenye watu wengi, hapana. Piga hesabu mwenyewe, diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, sasa mteja mmoja anayekomiti mmoja mmoja kila komiti inabidi isubiri sahani izunguke, huwezi kupita komiti 120 hivi kwa sekunde. Zile za 15,000 ni 250. Wateja wakiwa wengi databesi inaunganisha komiti zao kwenye fsync moja kwa hiyo jumla inapanda, lakini kila mmoja bado anasubiri mzunguko wake. Na kusoma kwa kurukaruka ndo usiseme, 7,200 inakupa kama oparesheni 75 mpaka 100 kwa sekunde basi.

Hesabu hiyo ya mizunguko ni dawa pia ya kukamata waongo. Ukipima diski ya 7,200 ikakuambia inafanya fsync 5,000 kwa sekunde, ujue hakuna kitu kimeandikwa kwenye sahani, kiko kwenye kashe ya diski, kumbukumbu yake ya muda, na umeme ukikatika kimekwenda na maji.

Ukinunua diski ya kuzunguka angalia isiwe SMR, ile ambayo njia za kuandikia zimelaliana, kurekebisha sehemu moja inabidi iandike upya na majirani. Mwaka 2020 Western Digital ilibidi wakubali kwamba baadhi ya WD Red zao za TB 2 mpaka 6 zilikuwa SMR bila kusema kwenye karatasi za sifa, watu wakaziweka kwenye RAID na kujenga upya kukawa kunachukua siku. Tafuta neno CMR, yaani njia zisizolaliana, kwenye sifa zake, lisipokuwepo usinunue.

SSD yoyote si itatosha?

Hapana, na hapa ndo pesa inapotea. SSD ya laptopu na SSD ya seva zinaweza kuwa na spidi ile ile kwenye boksi, megabaiti 3,500 kwa sekunde, wewe ukaona ya seva ni ghali bure. Tofauti ni ulinzi wa umeme kukatika. SSD ya seva ina kapasita ndani yake ambazo umeme ukikata zinabaki na chaji ya kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa kwenye kashe. Kwa sababu hiyo fsync ikija inaruhusiwa kujibu "tayari" papo hapo, data ikiwa bado kwenye kashe, na inasema kweli. SSD ya laptopu haina hizo kapasita, kwa hiyo ina njia mbili: iandike kwenye chipu kwanza ndo ijibu, na hapo inakuwa polepole mno kwa vipande vidogo, au ijibu tayari huku haijaandika, kama fundi cherehani anayekuambia nguo iko tayari njoo kesho.

Ndo maana unakuta mtu kanunua NVMe ya gemu (NVMe ni SSD za njia mpya ya kasi, SATA ni njia ya zamani) yenye namba za kutisha na mfumo wake unakomiti polepole kuliko seva ya zamani yenye SSD za SATA za datasenta. Namba za kwenye boksi zinapimwa kwa mafaili makubwa mfululizo bila fsync. Databesi haifanyi kazi hivyo.

Nitajuaje ina huo ulinzi? Muuzaji anasema "ipo bosi".

Usimsikilize, tafuta karatasi ya sifa ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli, iwe inataja power loss protection au PLP waziwazi. Mifano inayopatikana: Kingston DC600M na Samsung PM893 kwa SATA, Micron 7450 na Samsung PM9A3 kwa NVMe. Ikiwa mkononi mwako ni M.2, ile SSD ya umbo la kibao chembamba, igeuze uiangalie: zenye ulinzi huwa na safu ya vidude vidogo vya mstatili vimepangwa pembeni au mwisho wa bodi, hizo ndo kapasita, na nyingi ni ndefu, zile za 22110 yaani milimita 110 badala ya 80 za kawaida, ndo maana pia hazikai kwenye laptopu. Zipo fupi zenye ulinzi, ila chache. Kabla hujalipa hakikisha ubao wa seva yako una tundu la kufungia skrubu kwenye 110.

Kuna mtego mmoja: diski fulani za kawaida zimeandikwa zina kinga ya umeme na kweli zina kapasita, ila ni ndogo, zinalinda data iliyokwishalala kwenye chipu isiharibiwe na uandishi wa katikati, hazilindi iliyoko kwenye kashe bado. Kwa logi hiyo haitoshi.

Kwenye Linux soma /sys/block/nvme0n1/queue/write_cache. NVMe nyingi zenye ulinzi zinajibu "write through" kwa sababu hazina kashe inayopotea. Ikisema "write back", yaani ina kashe inayopotea, na muuzaji alikuahidi diski ya datasenta, anza kuuliza maswali.

NVMe au SATA?

Kama ubao unaruhusu, NVMe, bei zimeshakaribiana. SATA inaishia megabaiti 550 hivi kwa sekunde na foleni moja ya amri 32, NVMe ina foleni maelfu kwa maelfu na kila foleni amri maelfu, kwa hiyo wateja wengi wakija pamoja haikabwi. Ila ukiniambia nichague SATA yenye ulinzi wa umeme au NVMe isiyokuwa nao, kwa databesi nachukua SATA na nalala usingizi.

Joto pia. NVMe ikipanda kuelekea nyuzi 70 na kitu inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, na vile vichumba vya seva visivyo na AC, Dar mwezi wa pili, kufika huko sio kazi. Weka bamba la kupozea na feni inayopuliza kweli.

Nipime vipi kabla sijaamini?

Kwa logi, anza na pg_test_fsync, inakuja na PostgreSQL yenyewe:

pg_test_fsync -f /mnt/logi/jaribio

Inachukua muda mfupi, halafu inakupa mistari ya open_datasync, fdatasync, fsync na wenzake, kila mmoja una namba mbili, oparesheni kwa sekunde na mikrosekunde kwa oparesheni. Soma mstari wa fdatasync, ndo PostgreSQL inautumia kwenye Linux usipobadilisha. Diski ya kuzunguka inayosema kweli inakupa oparesheni za tarakimu mbili au mia na kidogo kwa sekunde, SSD ya laptopu mara nyingi mia kadhaa mpaka elfu na kitu, SSD yenye ulinzi inaruka mpaka maelfu mengi, NVMe nzuri makumi ya maelfu. Ukiona -f umeielekeza /tmp na /tmp yako iko kwenye RAM, namba zitakuwa tamu sana na hazina maana yoyote.

Ukitaka kuona kwa undani tumia fio:

fio --name=logi --filename=/mnt/logi/jaribio --size=2G --bs=8k --rw=write --ioengine=sync --fdatasync=1 --runtime=300 --time_based

Kwenye majibu achana na wastani, shuka mpaka sehemu ya fsync/fdatasync uangalie asilimia 99 na 99.9. Diski inaweza kuwa na wastani wa mikrosekunde 50 halafu moja kwa mia ikachukua milisekunde 30, na hiyo moja kwa mia ndo wateja wanayoipigia simu.

Kwa data:

fio --name=data --filename=/mnt/data/jaribio --size=50G --bs=8k --rw=randrw --rwmixread=70 --ioengine=libaio --direct=1 --iodepth=16 --runtime=1800 --time_based

MySQL weka 16k. Nusu saa nzima hiyo 1800 nimeiweka makusudi, SSD nyingi za kawaida zinatumia sehemu ya chipu kama kashe ya haraka, dakika za mwanzo unaona raha, kashe ikijaa spidi inaporomoka mpaka unajiuliza kama diski imekufa. Databesi yako haitafanya kazi dakika mbili tu kwa siku.

Na iostat, ile inayoonyesha kazi ya diski, safu ya %util kwenye NVMe usiitegemee, inaweza kusoma 100 wakati diski bado ina nguvu kibao kwa sababu inahudumia amri nyingi kwa mkupuo. Angalia r_await na w_await, muda wa kusubiri kusoma na kuandika.

TBW na DWPD ni nini, na nahitaji ngapi?

SSD inachakaa kwa kuandikwa. TBW ni jumla ya terabaiti mtengenezaji anazokubali ndani ya dhamana, DWPD ni mara ngapi kwa siku unaweza kuijaza yote kwa muda wa dhamana, kwa kawaida miaka 5. DC600M ya GB 960 ni DWPD 1, zidisha 960 kwa siku 365 kwa miaka 5 unapata kama TB 1,752. Samsung 870 EVO ya TB 1 ni TBW 600, na ndugu yake QVO ya TB 1 ni 360 tu kwa kuwa chipu zake zinabana biti nne kila seli. QVO na za aina yake usiziweke kwenye databesi hata kama ni zawadi.

Usikisie unaandika kiasi gani. Chukua seva uliyonayo sasa, piga smartctl -a (inasoma afya ya diski), kwenye NVMe kuna mstari Data Units Written, kila yuniti ni baiti 512,000, andika namba, rudi baada ya wiki, toa, gawa. Mfano imetoka GB 150 kwa siku, miaka 5 ni TB 274, hata diski ya TBW 600 inamudu. Ikitoka GB 500 kwa siku inakuwa TB 912 na ile ya 600 itakufia njiani. Utashangaa namba kuwa kubwa kuliko data halisi inayoingia, hiyo kawaida: kitu kile kile kinaandikwa kwenye logi, halafu kwenye faili la data, PostgreSQL baada ya kila checkpoint inaweka ukurasa mzima kwenye logi mara ya kwanza unapoguswa, na MySQL ina doublewrite yake, inayoandika kila ukurasa mara mbili. Checkpoint za PostgreSQL ni kila dakika 5 usipobadilisha na max_wal_size ni GB 1, ukizirefusha hizo logi inapungua vizuri tu, gharama yake ni kwamba seva ikianguka itachukua muda mrefu zaidi kujirudisha.

RAID ipi?

RAID 10 (jozi za RAID 1 zilizounganishwa) kwa data, RAID 1 kwa logi. RAID 5 kila andiko dogo linageuka oparesheni nne, kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kurudishia diski iliyokufa), kuandika data, kuandika pariti, RAID 6 ni sita, RAID 10 ni mbili tu. Kwenye ghala la mafaili RAID 5 sawa, kwenye databesi inayoandika sana utalia. Kama data yako ni ya kusoma tu ripoti na SSD ni nzuri, haya, RAID 5 inavumilika, lakini logi usiipeleke huko.

Nyingine watu hawaifikirii: diski zote kutoka boksi moja, siku moja, programu ya ndani (firmware) moja. Novemba 2019 HPE walitangaza kwamba SSD zao fulani za SAS (kiunganishi cha seva) zinakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, ni miaka mitatu na miezi karibu tisa, na data haitoki tena. Sasa RAID yako yote imewashwa siku moja, zinakufa zote pamoja, RAID itakusaidia nini? Changanya hata modeli au tarehe ya kununua, na sasisha programu za ndani za diski, hiyo ni kazi ya kweli sio mapambo. Na RAID sio bekapu, ukifuta jedwali inafuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa.

Kontrola ya RAID ina kashe yake, niiwashe?

Ikiwa na betri nzima au kapasita, washa write-back, yaani ijibu tayari data ikiwa bado kwenye kashe yake, kwa diski za kuzunguka inabadilisha mchezo kabisa. Betri ikifa kontrola nyingi zinarudi zenyewe write-through na ghafla mfumo unakuwa mzito bila mtu kugusa kitu, kwa hiyo ukipata malalamiko ya ghafla kwenye seva ya zamani anza kuangalia betri. Kuna mafundi wanalazimisha write-back hata betri ikiwa mfu ili mteja aache kulalamika. Mkimkuta huyo mwondoeni kwenye seva zenu.

Pia zima kashe ya diski zenyewe zilizo nyuma ya kontrola kama hazina ulinzi, maana betri ya kontrola haizihusu.

Nina UPS, nina jenereta, hiyo kinga ya umeme ya nini tena?

UPS inalinda seva dhidi ya umeme wa ukutani. Hailindi pawa saplai ya seva ikiungua, hailindi mtu aliyechomoa waya akitafuta pa kuchaji simu, wala yule aliyekandamiza batani ya kuzima sekunde tano kwa sababu "ilikuwa imeganda", na UPS nyingi mtaani betri zake zilishakufa inalia tu. Weka UPS, ifunge na NUT (programu ya kusoma hali ya UPS) ili seva izimike yenyewe betri ikishuka, na bado nunua diski yenye ulinzi.

Nikizima fsync mfumo unakuwa haraka sana, kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. fsync=off kwenye PostgreSQL maana yake umeme ukikata databesi yote inaweza kuwa mbovu, sio miamala ya mwisho tu. Ukibanwa na spidi kweli tumia synchronous_commit=off, hapo unaweza kupoteza miamala ya sehemu ndogo ya sekunde ya mwisho lakini databesi inabaki nzima, na unaweza kuiweka kwa muamala mmoja mmoja, kwa mfano rekodi za nani kaingia kwenye mfumo ziwe off, malipo yabaki on. MySQL wenzake ni innodb_flush_log_at_trx_commit=2. Kwa pesa za watu iache 1, na sync_binlog iache 1.

Na fsync ikirudisha kosa usifikiri ni kitu cha kujaribu tena. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Linux ikishindwa kuandika ukurasa inaweza kurudisha kosa mara moja, halafu ukiita fsync tena inasema sawa wakati ule ukurasa haujaandikwa. PostgreSQL kuanzia masahihisho ya Februari 2019 ikipata kosa hilo kwenye faili la data inajiangusha makusudi na kuanza upya kutoka kwenye logi. Kwa hiyo ukiona PANIC ya namna hiyo, usiilaumu databesi, diski yako inaumwa.

Diski za mtumba za datasenta vipi?

Mimi nazipenda kuliko mpya za laptopu, kwa masharti. Omba smartctl kabla ya kulipa, Percentage Used ikiwa 5 au 10 chukua, ikiwa 90 mwachie mwenyewe. Angalia kiunganishi: SAS haiingii kwenye ubao wa SATA, na U.2 inataka adapta. Baadhi ya SAS zilizotoka kwenye masanduku makubwa ya hifadhi zimefomatiwa sekta za baiti 520, Linux inaziona ila haizitumii, unazirudisha 512 kwa sg_format na kusubiri saa kadhaa.

Na ile "SSD ya TB 16" ya nje ya USB kwa bei ya chakula cha wiki, ni feki, ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu imedanganywa ukubwa. f3 kwenye Linux au h2testw kwenye Windows zinaijaza na kuisoma tena, uongo unatoka.

Tuko kwenye klaudi, haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa sura nyingine, umeme sio wako lakini foleni ni yako. Kwenye AWS diski ya gp3 inaanza na oparesheni 3,000 na megabaiti 125 kwa sekunde bila kujali ukubwa, gp2 ya zamani ni oparesheni 3 kwa kila GB, kwa hiyo mwenye gp2 ya GB 100 ana 300 za kudumu, anakimbia kwa akiba kisha akiba ikiisha anatambaa, ndo yule anayesema "asubuhi mfumo mzuri mchana unakufa". Kutenga logi kwenye diski yake huko ni rahisi na inasaidia kwa sababu kila diski ina mgao wake, ila mashine nayo ina kikomo chake cha jumla, usikisahau. Zile NVMe za ndani ya mashine ni kali sana lakini ukiizima mashine data inafutika, kwa hiyo ni za mambo ya muda tu, mfano tempdb ya SQL Server.

Logi imejaa diski, nifute mafaili ya zamani?

USIFUTE kwa mkono. Watu walikuwa wanaona folda ya pg_xlog wanadhani ni yale mafaili ya makosa, wanafuta, databesi haiwaki tena, mpaka toleo la 10 mwaka 2017 likabadilisha jina kuwa pg_wal. Tafuta kwanza kwa nini imejaa. PostgreSQL mara nyingi ni replication slot (alama inayoizuia databesi isifute logi) ya replika, yaani seva ya nakala, iliyokufa zamani ambayo hakuna aliyeiondoa, au archive_command, amri ya kunakili logi pembeni, inayoshindwa kimya kimya, na toleo la 13 kwenda juu una max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo. MySQL 8 inakaa na binlog, logi yake ya kulishia replika, siku 30 usipoiambia vingine. SQL Server kwenye hali ya full recovery logi haipungui kabisa mpaka uichukulie bekapu ya logi, bekapu ya databesi peke yake haisaidii, na siku ikijaa unapata kosa 9002.

Kwa hiyo diski ya logi isiwe kubwa kwa sababu ya databesi kuwa kubwa, iwe na nafasi ya kukaa na logi ya muda wote ambao replika au bekapu inaweza kuwa imekufa kabla hujagundua. Kama wikendi hakuna anayeangalia, hesabu siku tatu.

Faili sistimu ipi?

ext4 au XFS, noatime (isiandike muda wa kila usomaji), basi. Usiweke nobarrier unayoiona kwenye makala za zamani, XFS yenyewe imeshaiondoa. ZFS ni nzuri ukiijua, recordsize karibia ukurasa wa databesi, na SLOG yake (diski ya logi ya ZFS yenyewe) nayo iwe diski yenye ulinzi wa umeme la sivyo umejipunguzia usalama kwa gharama. Btrfs kwa databesi, mimi hapana.

Hela ni ya kitu kimoja, RAM au diski?

Kama mfumo ni mzito wakati wa kusoma, ripoti, kutafuta, na data inayotumika kila siku haitoshi kwenye RAM, nunua RAM. Kama ni mzito wakati wa kuhifadhi, RAM haitasaidia chochote, komiti lazima iende diskini, nunua diski. Ukishindwa kujua ni ipi, ile pg_test_fsync hapo juu itakuambia kama diski ndo inachelewesha kuhifadhi.

Nimenunua diski ya logi, nahamishaje bila kuvunja kitu?

Chukua bekapu. Simamisha databesi kabisa, hakikisha imesimama kweli, kisha:

systemctl stop postgresql
mv /var/lib/postgresql/16/main/pg_wal /mnt/logi/pg_wal
ln -s /mnt/logi/pg_wal /var/lib/postgresql/16/main/pg_wal
systemctl start postgresql

Hakikisha mmiliki wa folda ni postgres. Iweke ndani ya folda ndogo kama hapo, sio kwenye mzizi wa diski, ili siku diski isipounganishwa (mount) seva igome kuwaka badala ya kuanza kuandika mahali pasipo. MySQL unaizima vizuri, unahamisha folda ya #innodb_redo, unabadilisha innodb_log_group_home_dir, na kwenye Ubuntu ikikataa kuwaka na ruhusa zote umeziangalia ziko sawa, ni AppArmor, ulinzi wa Linux unaozuia programu kugusa njia zisizoruhusiwa, ongeza njia mpya kwenye /etc/apparmor.d/local/usr.sbin.mysqld uipakie upya.